Bohinia Kumi na Mbili za Memsahib Filimbi

Mteja akija kitaluni na ukurasa aliouchana kwenye gazeti la picha, akauweka mbele yenu na kusema anataka mti kama ule, msimuuzie kitu. Mpeni kwanza pa kukaa. Kisha muulizeni choo chake kiko wapi.

Najua mtacheka. Mimi pia nilicheka niliposikia swali hilo mara ya kwanza, na aliyelisema alinitandika mgongoni kwa gunia la samadi, tupu lakini si safi. Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaobaki mmesoma kuliko mimi. Majina ya Kilatini ya miti mnayatamka kama mapadre. Kwa hiyo majina sitawafundisha. Mshahara pia nitauruka, kwa sababu haukuwa na hadithi, na cheo cha usimamizi nilikipata kwa kuwa mimi ndiye niliyejua funguo za stoo zilikowekwa. Nitaandika yale ya mwanzo, na hasa habari ya miti kumi na miwili, kwa sababu nasikia mnaisimulia vibaya.

Nilifika Nakuru miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, nikitoka Butere, mwisho wa reli, kuja kwa baba yangu. Baba alikuwa akitia grisi magurudumu ya mabehewa na tuliishi chumba kimoja kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilikuwa na cheti cha darasa la sita na kiburi cha mtu mwenye shahada mbili. Baba alisikia kwamba kuna Mzungu upande wa kwenda Lanet anayeuza miche ya maua na anatafuta kijana wa kusoma vibao vya Kiingereza. Asubuhi moja nikaoga, nikavaa suruali ndefu ya baba niliyoikunja mara tatu, nikaenda.

Huyo Mzungu tulimwita Bwana Karoti, kwa sababu akikasirika wekundu ulianzia shingoni ukapanda kama maji kwenye chupa. Hakuwa mtu mbaya na hakuwa mtu mzuri. Alikuwa msahaulifu, akikutukana asubuhi, jioni anakuuliza unaitwa nani. Aliangalia cheti changu kwa muda mrefu, akaangalia mikono yangu kwa muda mfupi, akapiga kelele kuelekea nyuma ya vibanda: "Mama Njeri! Hii yako!" Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mama Njeri alikuwa Mkikuyu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kuendesha ng'ombe. Alizaliwa kwenye mashamba ya Njoro, akajifunza miche kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizungumza na maua yake zaidi kuliko na mumewe. Hakujua kusoma. Alinitazama na ile suruali yangu, akasema, "Wewe mtu wa Kisumu, hapa tunafanya kazi na kinyesi." Nilimweleza kwamba Butere si Kisumu. Akanipa chekeche na lundo la samadi lililokuwa refu kunishinda, akaniambia nikimaliza tutazungumza habari ya ramani. Nilichekecha siku tatu. Mpaka leo sikumbuki tukizungumza ramani, na mpaka alipoondoka nilibaki kuwa mtu wa Kisumu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Hakukuwa na hii mifuko yenu ya nailoni. Tulipanda kwenye mikebe, yote iliyotupwa na mahoteli na majumba ya Wazungu, tukaitoboa matako kwa msumari na nyundo ili maji yapite. Msumari ule nilipewa siku ya nne na nikaambiwa nikiupoteza nisirudi. Kulikuwa na madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa katikati kwa miche mikubwa, keni mbili za kunyunyizia maji ambazo zote zilivuja, visu, kamba ya katani, na toroli lenye gurudumu la mbao lililolia mpaka watu wa barabarani wakageuka. Vibao vya Kiingereza nilivyoajiriwa kuvisoma vilikuwepo, lakini mvua ilikuwa imeshavifuta kabla sijazaliwa, nadhani.

Mama Njeri hakuhitaji vibao. Yeye alijua mche kwa mkebe. Jakaranda ilikuwa kwenye mikebe ya biskuti, ile mirefu ya mraba. Kasia ilikaa kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Nandi flemu alipewa debe zima kwa sababu ana mizizi ya ulafi. Na bohinia, ule mti wenye jani kama kwato la ng'ombe, ulikuwa na nyumba mbili: wa maua meupe kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, wa maua ya zambarau kwenye mikebe ya jemu. Bohinia nyeupe na ya zambarau zikiwa changa ni pacha. Jani moja, gome moja, urefu mmoja. Huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwa pua wala kwa maombi, mpaka siku zinapochanua. Mkebe ndio uliokuwa cheti chao cha kuzaliwa. Niliona utaratibu huu ni ushamba mtupu, na nilimwambia baba hivyo tukila ugali, nikicheka.

Sasa habari ya choo. Bwana Karoti aliwauzia watu mti walioutaka. Mama Njeri aliwauzia mti ambao nyumba yao ingeuvumilia, na hakukubali kuutaja kabla hajaiona hiyo nyumba. Mteja mkubwa akiagiza, tulikwenda nyumbani kwake mimi na Mama Njeri, Mama Njeri akiwa amebeba debe tupu. Alilipindua uani, akakaa juu yake tangu asubuhi mpaka saa kumi, akilihamisha kufuata kivuli. Wazungu waliona ni uvivu wa wazi. Wengine walimtuma mpishi kumuuliza kama anaumwa. Lakini yeye alikuwa akiangalia upepo unatoka wapi, moshi wa jikoni unakwenda wapi, maji ya mvua yalikokwangua udongo, nguo zinaanikwa wapi. Alimuuliza shamba boi, yule mtunza bustani, shimo la choo limechimbwa upande gani na bomba linapita wapi, kwa sababu mzizi ukinusa maji ya choo hauna adabu tena. Alimuuliza mwenye nyumba jioni anapenda kukaa wapi. Rangi ya maua lilikuwa swali la mwisho kabisa. Watu huanza na rangi, kisha miaka mitano baadaye wanamtafuta fundi wa mabomba.

Kulikuwa na Mzungu mmoja kwenye bonde kule kuelekea Molo aliyetaka jakaranda arobaini kutoka lango mpaka mlangoni. Mama Njeri alimuuliza mchungaji wake ng'ombe hukataa kulala wapi. Mchungaji akaonyesha bonde lilelile. Mama Njeri akasema hapo baridi hushuka na kutuama kama maji, jakaranda ataungua, apande ule mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa. Mzungu akasema hakumwita mwanamke amfundishe hali ya hewa. Januari ikaja, mbingu bila wingu, na asubuhi moja jakaranda arobaini zilikuwa nyeusi kama makaa. Alirudi kununua nyingine arobaini, na Bwana Karoti akamuuzia huku akimpa pole. Mwingine alijenga karibu na ziwa, kwenye udongo wa magadi. Mama Njeri aliramba kidole chenye udongo wake, akatema, akamwambia kwa heshima kwamba hapo apande viti. Tajiri mmoja wa duka mjini alitaka Nandi flemu chini ya dirisha la chumba cha kulala, akakatazwa, akapanda hata hivyo, na tawi lilipovunjika likaingia kitandani kumtembelea.

Mambo hayo niliyafurahia, na polepole nikaanza kumpenda yule mama, ingawa sikumwambia na yeye hakuuliza. Mchana tulikunywa chai yake, iliyochemshwa kwenye mkebe, ambayo aligawa kwa kikombe kimoja cha bati, yeye kwanza, mimi baadaye. Hapo ndipo nilipojua habari zake. Mumewe alikuwa kizuizini, mahali palipobadilika kila baada ya miezi. Yeye mwenyewe aliruhusiwa kukaa Nakuru na binti yake Njeri kwa kibali, karatasi moja iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa cha kichwani. Kila mwaka kibali kilipigwa muhuri upya, endapo mwajiri angeandika kwamba anahitajika kazini na hana kosa. Bila muhuri angepandishwa lori na binti yake, wapelekwe kwenye kijiji cha uzio na walinzi huko rizavu walikotengewa Wakikuyu. Barua za mumewe zilikuja kwa sanduku la posta la kitalu, moja moja, zimekatwakatwa na wakaguzi. Yeye akihamishwa, alisema, mumewe ataandikia nani?

Nilielewa. Ndiyo maana ninayosimulia sasa siwezi kuyawekea kisingizio cha kutojua.

Mwaka huo Bwana Karoti aliamua kupeleka miche kwenye maonyesho ya kilimo ya mjini. Aliangalia mikebe yetu yenye picha za biskuti na jemu, akaona haya kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanunua rangi ya kijani. Mama Njeri wiki hiyo alikuwa amelala na malaria. Nikaambiwa nipake mikebe yote iwe sawa. Kijana wa darasa la sita akaambiwa afanye vitu viwe sawa! Nilitoa kila kitu kwenye foleni, nikapaka siku mbili mpaka nikawa kijani mimi mwenyewe hadi viwiko, na jioni ya pili nikapanga miche upya kwa urefu, mifupi mbele, mirefu nyuma, kama picha ya darasa. Mikebe ya jemu na ya mafuta ya kupikia ilikuwa na umbo moja. Nilisimama nikaitazama kazi yangu, nikaiona nzuri sana, kisha nikatafuta mikebe ya jemu, na sikujua tena ni ipi.

Mama Njeri alirudi akitetemeka bado, shuka begani. Aliona ile kijani iking'aa juani, akapita mstari hadi mstari. Kisha akauliza jambo moja tu, kuhusu bohinia, kwa kuwa ndizo zisizokuwa na njia nyingine ya kutofautishwa. "Umechanganya?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Za kushoto ndizo nyeupe."

Sikujua za kushoto ni nini. Nilisema kushoto kwa sababu mkono wangu ulikuwa upande huo. Yeye akashusha pumzi, akasema mtu wa Kisumu ana akili kidogo siku hizi, na akaenda kukaa kivulini. Nilikuwa na nafasi ya kumfuata. Rangi ilikuwa bado mbichi, ningeweza kuikwangua kwa kisu na kuona picha ya jemu chini yake. Lakini ningekiri kwanza, na mimi nilikuwa nimesifiwa.

Miezi michache baadaye alikuja Memsahib Filimbi. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na filimbi shingoni ya kuitia mbwa wake wawili, na kwa kuwa ilifanya kazi vizuri aliitumia pia kumwita mpishi, shamba boi na wakati mwingine mumewe. Walikuwa wamehamia nyumba mpya upande wa juu wa mji, mlima Menengai ukiwa mgongoni. Mumewe alikuwa afisa wa serikali, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupiga muhuri vibali. Ndiyo, hivyo hivyo mnavyofikiri.

Alitaka jakaranda pande zote mbili za njia ya gari. Mama Njeri akaenda na debe lake, akakaa siku nzima, mbwa wakamnusa mpaka wakachoka. Njia ilikuwa nyembamba, bomba la maji machafu lilipita chini yake, na upepo wa alasiri ulishuka moja kwa moja kutoka mlimani. Akasema jakaranda atainua ile njia kama mkate unaoumuka. Akasema bohinia. Mti mdogo, mizizi mitulivu, haulii kiu, haumwagi matawi juu ya gari, na ukichanua huhitaji kupanda ngazi ili uone maua. Ilikuwa sahihi kabisa. Hata leo mtu akiniambia ana kiwanja kidogo, ploti za huko Kiamunyi ambako enzi hizo kulikuwa na Mzungu mmoja na ng'ombe wake, humwambia bohinia kabla hajamaliza kusema.

Memsahib alikubali kwa sharti moja, ziwe nyeupe zote. Jirani yake alikuwa na za zambarau na hawakuwa wakisalimiana. Akauliza mara tatu kama Mama Njeri ana hakika, na mara ya tatu Mama Njeri akajibu kwa jina lake mwenyewe. Alisema zikitoka rangi nyingine, afukuzwe yeye. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na jembe. Nilitazama mbwa.

Tukapanda kumi na mbili, sita huku, sita kule. Nilichimba mashimo yale vizuri kuliko yote niliyowahi kuchimba, kama mtu anayezika ushahidi.

Kuanzia hapo nikawa kijana mwenye bidii. Bwana Karoti alikuwa na desturi ya kuwatumia wateja wakubwa mtu wa kuangalia miti kila Jumamosi, na hakuna aliyetaka kazi hiyo. Mimi nikaiomba. Alinipa bila kuuliza, akaniita kwa jina la mtu mwingine. Mwaka wa kwanza miti ilikua tu, na mimi nikapungua. Mwaka uliofuata, kiangazi, nikaona vikonyo vya kwanza, maua yakiwa bado yamefumba. Kikonyo cha bohinia hukaa kijani mpaka siku moja kabla ya kufunguka, ndipo ncha inatoa rangi. Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kabla ya kazi, natembea mti hadi mti, na kila ncha yenye zambarau naivunja naitia mfukoni. Miti saba kati ya ile kumi na miwili ilikuwa ya zambarau. Mifuko yangu ilinuka kama harusi.

Siku moja Memsahib akanikuta mkono ukiwa juu. Akapuliza filimbi, nami nikasimama wima kama mbwa. Akauliza kwa nini navunja maua yake. Mdomo wangu ukajibu peke yake. Nikamwambia mti ukiwa mchanga maua ya kwanza huula nguvu, mkulima hodari huyavunja, ndipo mwaka unaofuata hutoa maua mengi na makubwa. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Akaniuliza ni mangapi. Nikasema zaidi ya nusu.

Kumbe yule mama alikuwa na chama. Mabibi wa Kizungu wa juu kule walikutana kila mwezi kunywa chai na kusemana habari za bustani. Akawafundisha. Baada ya wiki mbili mashamba boi wa mtaa mzima walikuwa juu ya ngazi wakivunja vikonyo kwa vikapu, na mwaka huo ukapita mji wa Nakuru ukiwa na bohinia nyingi na maua ya kuhesabika. Mmoja wa mabibi hao alikuja kitaluni kumuuliza Bwana Karoti kama sheria hiyo inahusu na waridi. Bwana Karoti akamuuliza Mama Njeri. Mama Njeri akasema hajawahi kusikia upuuzi wa namna hiyo, lakini kama Wazungu wamesema, huenda Uingereza miti ina magonjwa yake. Walipoondoka alicheka mpaka akakaa chini juu ya samadi, akifuta macho kwa kitambaa kilichokuwa na kibali. Nami nikacheka pamoja naye. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilijichukia kweli siku hiyo, na nikamaliza chai.

Kiangazi kilichofuata mimi ndiye niliyepata malaria. Nililala siku tisa kwenye landi, nikipiga kelele za vikonyo, na baba akidhani nimerogwa. Niliporudi kazini Jumamosi, Bwana Karoti alikuwa mwekundu hadi masikioni na Mama Njeri amevaa gauni lake la kanisani. Tulikuwa tumeitwa kwa Memsahib. Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya vibali.

Miti ilikuwa imechanua yote, sijui mzaha gani. Tano nyeupe, saba zambarau, zimechanganyika bila mpango wowote, kama meno ya mzee. Memsahib alikuwa amesimama katikati ya njia, ua la zambarau mkononi. Kutoka upande wa pili wa uzio tulimsikia jirani akiimba.

"Huyu mama aliapa kwangu nyeupe," akamwambia Bwana Karoti. "Kama amesema uongo, mbaya. Kama hajui kazi, anakaa mjini ya nini? Bwana yangu atauliza hiyo Jumatatu."

Bwana Karoti akamgeukia Mama Njeri. Naye alikuwa anatafuta pa kuitupa lawama. Mama Njeri alikwenda kwenye mti wa kwanza wa zambarau. Akashika jani, akalipindua. Akakwaruza gome kwa ukucha. Akaenda kwa wa pili, akafanya vilevile, kisha wa tatu. Nilijua anachotafuta na nilijua hakipo. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nilitegemea atanitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Basi ni mimi," akasema, sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. "Macho yangu yamezeeka. Nilikuwa najua hii miti."

Hapo ndipo niliposema. Sikupanga. Nilisema kwamba nilipaka mikebe rangi, nikachanganya, akaniuliza nikamdanganya, na kwamba yeye hajawahi kukosea mche hata mmoja tangu nimjue. Nikasema na habari ya vikonyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bwana Karoti akaniambia nitoke mbele yake na nisirudi kitaluni. Lakini Memsahib aligeuka akatazama miti yake. Nilimwona anafikiri. Alikuwa anafikiria wale mabibi wote, zile ngazi, vile vikapu, na chai ya mwezi ujao.

Akaniuliza ni nani mwingine anayejua kwamba habari ya vikonyo ilikuwa uongo. Nikasema waliosimama hapa. Akapuliza pumzi puani. Akamwambia Bwana Karoti kwamba akifikiri vizuri, rangi mbili zinapendeza, na kwamba yeye ndiye aliyeagiza zichanganywe, tangu mwanzo, na yeyote atakayesema vingine atapambana naye. Jumatatu mumewe alipiga muhuri kibali cha Mama Njeri bila kuinua kichwa. Nasikia hakuwahi kujua bohinia ni ipi na mbuni ni upi. Na kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima ulitaka bohinia za rangi mbili.

Hiyo ndiyo iliyonirudisha kazini. Nilisukuma kokoto kwenye reli wiki tano, kisha Bwana Karoti, akizidiwa na maagizo, akasahau kwamba amenifukuza na akaniulizia nilikokuwa. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na njia ya kurudi kutoka kwa Memsahib, mimi na Mama Njeri, kwa miguu. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Tulipofika kwenye lango la kitalu alisimama, akasema bila kunitazama:

"Miaka miwili unakunywa chai yangu."

Akaingia. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mitatu, mpaka mumewe aliporudi na wakaenda zao. Alinifundisha kuotesha miti migumu ya msituni, alinifundisha kupandikiza, alinifundisha karibu kila kitu mlichonikuta nacho. Chai alinipa. Lakini kila nilipomwambia huu ni mche fulani, aliinama akaangalia mwenyewe.

Sasa mnielewe kwa nini nimeandika. Kwenye sherehe ya kuniaga msimamizi wenu alisimama akasimulia jinsi kijana Festo alivyosimama mbele ya Wazungu, enzi za hatari, akajitoa mhanga kumwokoa mwanamke wa watu, na nyote mkapiga makofi. Nililia, mkadhani ni furaha. Nilikuwa na nini cha kutoa mhanga? Mimi wangenifukuza nirudi kwa baba, mwendo wa nusu saa kwa miguu, nikale ugali na kugombezwa. Yeye wangempandisha lori na mtoto wake, na barua za mumewe zingefika kwenye sanduku la posta la mahali ambapo hayupo. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la kwanza angeifanya kwa vidole. Mimi nilikuwa na cheti cha darasa la sita, na ilinichukua miaka miwili, na hata hapo nilingoja mpaka yule mama akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe.